Nazi Iliyo Ng'ambo ya Mpaka

Umerkot, Sindh,
Tarehe 9 Juni, 2025.

Mpendwa dada yangu mdogo Kesar,

Pokea salamu za kaka yako, aliyeshinda na redio sikioni mwezi mzima uliopita akijiuliza kama paa lenu bado liko juu ya vichwa vyenu. Mpwa wangu Padam alitupigia kutoka Dubai akatuambia mko salama, ila wewe ulianguka siku mlipoamriwa kuzima taa, ukaumia kiuno. Kinaendeleaje? Nakujua ulivyo mkaidi. Usikae sakafuni kwa ajili ya heshima ya wageni. Kaa kitandani, wakuamkie hapo hapo.

Sisi tu wazima. Macho yangu siku hizi yanaona ya mbali vizuri kuliko ya karibu, ugonjwa ambao nadhani wakubwa wa nchi zetu mbili wanao pia. Joto limezidi hata ngamia wa mwanangu Lakhdhir anakataa kuinuka. Mvua bado. Mbegu za uwele ziko tayari, tunatazama juu tu.

Nakuandikia kwa herufi za Kihindi alizotufundisha baba, ili mjukuu wako Khetu aweze kukusomea. Khetu, mkono wangu umezoea herufi za Kisindhi zinazotoka kulia. Ukikuta neno limechechemea, livumilie. Barua naipeleka kwa mikono ya jirani anayesafiri kwenda Dubai, na Padam ataitafutia njia kutoka huko, kwa kuwa posta za nchi zetu hazisemezani. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu humtaka mtu ajibu papo hapo, nami safari hii sitaki ujibu papo hapo.

Jambo lenyewe ni harusi ya Teju, binti wa Lakhdhir.

Unajua tulivyohangaika. Garimoshi la kupita jangwani lilisimamishwa zamani, kwa hiyo tulikuwa tuzunguke mpaka Lahore, tuvuke mpaka katika lango la Wagah, kisha tushuke tena kusini hadi Jaisalmer, mwendo wa siku kadhaa kufika upande wa pili wa mchanga huu huu. Hatimaye viza zikatoka. Masanduku yakafungwa. Ndipo watalii wale wakauawa Kashmir, lango likafungwa, viza zikafutwa, maofisa wa balozi wakarudishwa makwao, yakafuata mabomu. Sasa bunduki zimenyamaza. Kila upande umetangaza kuwa umeshinda, na masanduku ya Teju yamo ukumbini yalivyofungwa. Hakuna mwenye moyo wa kuyafungua.

Khetu, nadhani unajiuliza kwa nini wazee wako wanavuka mpaka wenye mizinga kutafuta wachumba. Sisi Wasodha wote ni watoto wa babu mmoja. Msodha hawezi kumwoa Msodha. Huyo ni dada yake, hata kama hawajawahi kuonana. Na huku kwetu karibu kila nyumba ya watu wetu ni ya Wasodha. Mababu walipoiweka kanuni hiyo, Jaisalmer ilikuwa safari ya ngamia tu. Mpaka ulikuja baadaye, ukapita katikati ya ukwe wetu. Jirani yetu Haji Samejo hunicheka kila tunapokunywa chai: "Mwalimu bwana, ninyi mna kazi! Mimi nilimwoa binti wa ami yangu. Msafara wangu wa harusi ulivuka uani tu, na bado mkwe wangu alilalamika nimechelewa."

Wiki iliyopita Bwana Bhojraj alituma neno kupitia Padam. Amependekeza Teju na mwanawe Jaitmal wafungishwe ndoa Dubai, kisha mwanamke aombewe viza kama mke wa mtu. Si wazo baya. Lakhdhir alilipokea kwa furaha, akalitangaza tukiwa tunakula.

Teju akaniuliza mimi, si baba yake. "Babu, nikishavuka, nitarudi lini?"

"Swali gani hilo?" Lakhdhir akamkemea. "Bibi zako wote walivuka."

"Ndiyo maana nauliza, Baba. Bibi Kesar alirudi lini?"

Mama yake akajifanya anageuza mkate jikoni, na mkate ukaungua akiuangalia. Mimi nikaikumbuka safari yako. Mama yetu alipofariki ulihangaikia viza, ukaipata msimu wa pili, ukafika ukakuta nguo zake tumeshazigawa. Hukutulaumu. Uliomba tu tukuonyeshe mahali kitanda chake kilipokuwa.

Teju akaendelea kwa upole. "Simkatai Jaitmal. Akija kuishi hapa, nitaolewa naye hata kesho."

"Bwana harusi aletwe kama bibi harusi? Dunia imekwisha!"

"Dunia haijaisha, Baba. Viza ndizo zimeisha."

Nilicheka, Kesar, na Lakhdhir hakusema nami mpaka jioni.

Baadaye nilimwita Teju nikamwuliza kama amezungumza na kijana mwenyewe. Amezungumza naye. Usimgombeze, wachumba wa siku hizi husalimiana kwa simu hata kabla ya wazee wao. Jaitmal amemwambia kwamba mama yake amelala kitandani na anataka mkwe ndani ya nyumba mwaka huu. Kijana hawezi kungoja tena, wala hawezi kuwa wa kwanza kusema. Maneno yake ni haya: "Nyumba yetu haiwezi kurudisha nazi." Basi wote wawili wangependa kuachana kwa heri, na kila mmoja anaona haya mbele ya mlango wa mwenzake.

Nazi hiyo ya kufunga uchumba uliipeleka kwao kwa mikono yako mwenyewe, katika kitambaa chekundu, siku ya posa. Bwana Bhojraj akiirudisha, ni kama ametutemea mate. Sisi tukiidai, tumesema mwanawe hatufai. Unakumbuka baba alivyotuhadithia habari za nyumba zilizouana kwa vizazi vitatu kwa ajili ya nazi iliyorudishwa. Tena, hata wangetaka kuirudisha, itapita wapi? Nayo iombewe viza?

Niliwafundisha vijana historia kwa miaka mingi, na jambo moja nililowaambia kila mwaka ni kwamba kazi ya balozi si kumshinda mtu kwa maneno. Kazi yake ni kumtafutia mwenzake njia ya kurudi nyuma bila kuonekana amerudi. Nchi zetu zinapogombana huwafukuza kwanza wale wanaoijua kazi hiyo, halafu hushangaa hakuna njia. Sisi hatuwezi kufanya hivyo. Nchi zinaweza kukaa miaka bila kusemezana. Sisi tuna wajukuu wa pamoja.

Basi nimefikiri hivi. Nazi isirudishwe, na isiendelee kuwekwa. Ipelekwe hekaluni kwa mungu wetu Mama Hinglaj, hapo hapo kijijini kwa akina Bhati, ukoo wa bwana harusi, ivunjwe mbele yake kwa kuombea amani ya watu wa pande zote mbili, na vipande wagawiwe watoto. Bwana Bhojraj atakuwa ametoa sadaka, hatakuwa amekataa mtu. Sisi tutakuwa tumeshukuru, hatutakuwa tumedai kitu. Nimemwuliza kuhani wetu, mzee asiyependa mambo mapya, naye akasema kilicholiwa kwa baraka hakuna awezaye kukidai. Najua utasema nazi ya miaka minne imeshakauka ikawa mbata. Mbata nayo huliwa.

Usianze na Bwana Bhojraj. Anza na mkewe, pale alipolala. Mgonjwa husikia maneno ambayo mtu mwenye afya hana nafasi ya kuyasikiliza. Mwambie Teju anamheshimu, na kwamba asingependa mama akose mkwe kwa ajili ya serikali. Akikubali yeye, mumewe ataliona wazo hilo kuwa lake, nawe mwache alione hivyo.

Wakikataa, neno letu liko pale pale. Teju amesema ataenda Dubai bila kunung'unika, nami namwamini. Lakini nikikubali aende kabla ya kukuuliza wewe, nitakuwa nimemtoa mjukuu wangu kwa sababu ya kuona haya tu.

Sasa nifike kwenye lile lililonizuia kupiga simu.

Padam ameniambia umekwisha kupaka chokaa chumba cha nyuma kwa ajili ya Teju. Ameniambia unawaambia watu kwamba Teju akifika atakusuka nywele, nanyi mtazungumza lugha ya nyumbani, kwa sababu tangu Phep, binti mwenzako wa Kisodha, alipofariki huna wa kuizungumza naye. Watoto wengine wa Lakhdhir ni wa kiume. Hakuna binti mwingine wa nyumba hii atakayevuka wakati wa uhai wetu sisi wawili. Najua ninachokuomba, mdogo wangu. Nakuomba uende kwa miguu yako, na kiuno hicho, ukawaombe watu wamwachie mtu ambaye wewe ulikuwa ukimngoja kuliko bwana harusi.

Nilimweleza Teju shauri la nazi. Nilidhani ataruka kwa furaha. Hakuuliza Bhojraj atasema nini, wala kama Jaitmal atahuzunika. Aliuliza, "Na Bibi Kesar atabaki na nani?"

Nikamwambia swali hilo ni lako, na kwamba utakalosema ndilo tutakalolifuata. Amekubali. Lisikilize moyoni siku kadhaa, kisha umwambie Padam neno moja tu kuhusu kuvunja nazi, ndiyo au hapana. Sababu usinitajie, nitazijua, na kwa lolote sitapunguza kukupenda.

Nisalimie Khetu na mama yake, na Padam akipita kwenu likizo mpe maziwa mengi, amekonda. Lakhdhir, mkewe Jas Kanwar na Teju wanakugusa miguu kwa heshima. Haji Samejo naye anakusalimu. Anasema bado anakumbuka ulivyompiga kwa ndala mkiwa watoto.

Mama Hinglaj, ambaye hajawahi kuulizwa pasipoti, awe nawe uketipo na uinukapo.

Wako akupendaye, kaka yako,
Sagat Singh Sodha