Mlango wa Dereva

Jumamosi, 13 Agosti 1994. Osiri. Miezi saba na siku nne tangu nitoke Mbita.

Manyunyu tangu alfajiri, na mawingu yamelalia mashimo ya dhahabu. Ni Sabato, lakini sikwenda kanisani. Sina uso wa kwenda.

Gari limekufa.

Miezi mitatu nimelitengeneza, kila jioni nikitoka shimoni. Pijo 404, urefu inchi saba na kidogo. Mwili niliukata kwenye sufuria kuukuu ya alumini, magurudumu kwenye slipa iliyokatika. Vipimo nilivitoa kwenye picha ya baba amesimama kando ya Pijo ya tajiri wa pamba, enzi alipokuwa dereva wake. Ule mkunjo wa nyuma, uliochongoka kama mkia wa samaki, niliupata baada ya kuharibu vifuniko viwili vya sufuria.

Alhamisi nililisugua kwa msasa mpaka likang'aa, tayari kwa rangi. Vumbi nikalipangusa kwa kitambaa kilichoning'inia msumarini. Ni kile tunachokamulia zebaki ikishashika dhahabu. Hapa hata mgeni wa wiki moja anajua zebaki haiwekwi kwenye sufuria, maana huila.

Mimi pia najua. Nilikuwa nimechoka.

Jana navua viatu, Chacha, Mkuria ninayekaa naye chumba kimoja, akaniita ndugu kwa Kijaluo.

"Omera, njoo uone! Gari yako imeota ndevu."

"Acha mzaha."

"Haki ya Mungu. Hii si Pijo tena, ni mzee wa baraza."

Manyoya meupe yalikuwa yamechipuka kwenye boneti na paa. Nilipoligusa likavunjika kama ukoko wa ugali. Chacha akaacha kucheka.

"Si utatengeneza ingine?"

Muda sina. Dada yangu ameandika kwamba jicho la baba la kushoto limeisha, na la kulia linaona rangi tu, tena mchana. Nilitaka aione samawati ile ya Pijo ya tajiri kabla halijazima. Kisha, akiwa amelishika gari, nimwambie nililoshindwa kumwambia miaka kumi na tisa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba aliegesha Pijo kwenye mteremko wa ufuoni ili niioshe. Nikaingia, nikakaa kama dereva, nikaiachia breki ya mkono. Lilipoanza kushuka, niliwahi kufungua mlango nikaruka nje. Gari likaingia ziwani.

Baba alimwambia tajiri, "Nilisahau breki." Akafukuzwa kazi, na mimi nikaishia darasa la sita.

Alisema vile kunikinga, au aliamini ni yeye? Watu wamemcheka miaka yote hii, dereva aliyenywesha gari maji. Nami nilikuwapo, nikanyamaza.

Sasa naona nilitaka gari linisemee.

Kimebaki kitu kimoja: mlango wa dereva. Niliupaka rangi Jumatano kujaribu, ukawa unakauka pembeni, kitambaa hakikuufikia. Ni mdogo kama kiberiti. Ndio mlango niliofungua siku ile.

Nimeuzungushia pamba, nimeutia kwenye mfuko wa shati. Msimamizi wa shimo ameniruhusu. Alhamisi nitaondoka, nilale Homa Bay mjini. Ijumaa nitakuwa Mbita kabla Sabato haijaingia, jua likiwa bado juu, baba aweze kuona ni rangi gani.