Kifaa cha Saba Nyumbani kwa Mama

Dubai, Ijumaa mchana

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima wa mwili, nakula vizuri, na nywele bado najisuka mwenyewe. Wewe je, u mzima? Najua kila barua huanza na swali hilo na kila msomaji hulipita mbio, lakini leo nakuomba usilipite. Ndilo lililonifanya nishike kalamu, mimi uliyezoea kunicheka kwamba hata sukari na chumvi za kununua naziandika kwenye simu.

Barua hii inaletwa na Akinyi, mwenzangu wa kazini, anayekwenda likizo kwao Rhonda, Nakuru. Nimemwambia afike nyumbani Njoro na akupe wewe mwenyewe mkononi. Sikutaka kuituma kwa simu, na utaona sababu.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Nilikwambia ni ya kompyuta, ukatangazia chama chenu kizima cha akina mama kwamba mtoto wako ni injinia. Mimi si injinia, mama. Kazi yangu ni kuvipa vitu majina. Kampuni za intaneti, hata za huko Kenya, zinataka kujua ndani ya nyumba ya mteja kumeunganishwa nini: simu ngapi, televisheni, kamera, friji. Vingi hutambuliwa na mashine. Visivyotambulika huletwa kwetu, nasi tunatazama kila kimoja kinaamka saa ngapi, kinakula intaneti kiasi gani na kinawasiliana na nani, halafu tunaandika: hii ni televisheni, hii ni saa ya mkononi. Jina la mwenye nyumba hatulioni. Tunaona namba na mji wa karibu.

Mwanzoni niliona ni jambo la maana. Unakumbuka ndugu yangu Njuguna alivyogombana na watu wa intaneti wiki nzima, kumbe ubaya ulikuwa kwenye televisheni yetu? Wangejua tuna nini ndani wangemwambia siku ya kwanza, na fundi asingetoka Nakuru mara mbili bure.

Basi miezi miwili iliyopita nililetewa nyumba ya Njoro. Vifaa sita vilikuwa vimeshatambuliwa: televisheni, simu tatu, kamera ya kuangalia zizi, na kompyuta iliyoandikwa "nyokabi-usiguse". Hilo jina nililiweka mwenyewe nikiwa chuoni, nikimwogopa Njuguna na mikono yake. Nilicheka mpaka jirani yangu wa meza akageuka. Tumekatazwa kutazama nyumba ya mtu tunayemjua. Tunatakiwa kuirudisha apewe mwingine. Mimi sikuirudisha, na nakiri kosa hilo kwako.

Kulikuwa na kifaa cha saba ambacho hakikujulikana. Kilikuwa kinaamka baada ya chakula cha mchana kwa saa moja hivi, kisha tena jioni mpaka kunakucha, na kila kikizimwa kilituma ripoti fupi. Nikamwita msimamizi wetu, Kibet, mtu wa Eldoret. Aliangalia ripoti inaenda kwa mtengenezaji gani, hakuchukua hata dakika.

"Hiyo ni breathing machine, Nyokabi. Ya mgonjwa. Andika tu."

"Sasa kampuni ya internet inasaidika na nini ikijua mtu anapumua na mashine?"

"Inasaidika sana. Line ikipotea, hao ndio wanarudishiwa kwanza. Na mtu kama huyo hawezi hama aende kampuni ingine, ataogopa. Huyo ni customer wa maisha."

"Na yeye anajua sisi tunajua?"

"Si ali-sign? Kila mtu hu-sign."

Niliandika: mashine ya kupumulia. Skrini ikanishukuru.

Nilipokupigia siku hiyo ulisema ni kifua tu, baridi ya Njoro. Nilijua unanificha na nikakuacha unifiche, kwa sababu nilikuwa nimepata njia yangu ya kukuona. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, nilifungua ile nyumba. Kifaa cha saba kikiwa kimefanya kazi mpaka kulipokucha, nilijua umelala vizuri. Saa nne televisheni ikiwashwa, nilijua umeketi na chai yako kusikiliza mahubiri. Nikaanza kupunguza kukupigia. Nikupigie nikuulize nini, na nakuona? Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, mama. Nilijua mengi kukuhusu na sikuwa nazungumza nawe.

Sasa nisikilize. Siku kumi na moja zilizopita kifaa cha saba hakikuamka mchana. Jioni hakikuamka. Kesho yake televisheni haikuwashwa saa nne, na haijawashwa saa hiyo mpaka leo.

Siku ya pili, mchana, simu ngeni zilianza kuingia kwenye intaneti yetu. Kwanza nane, halafu ishirini na mbili. Zilikuja kila siku saa kumi na kuondoka giza likiingia, karibu wiki nzima. Halafu siku moja zikafika hamsini na kitu, zikakaa tangu asubuhi hadi saa kumi, zikaondoka zote pamoja. Tangu hapo nyumba imenyamaza. Niliuliza kwenye simu yako kama kuna wageni, nikajibiwa kwamba ni chama. Chama chenu kina watu kumi na wawili na hukutana mara moja kwa mwezi.

Na hiyo simu yako. Zamani ilikuwa haitoki nyumbani isipokuwa Jumapili. Siku hizi inaondoka saa moja asubuhi, dakika ileile inayoondoka simu ya Njuguna, na zinarudi pamoja jioni. Wewe huandiki, mama, hutuma sauti, na kila sauti huanza na "Mami", kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. Sasa naandikiwa: "Habari Nyokabi, niko salama, koo linanisumbua siwezi kuongea, fanya kazi." Nilisoma ujumbe huo nikiwa kazini, nikausoma tena.

Najua desturi ya kwetu. Cucu, nyanya yetu, alipofariki, binamu Karanja wa Gilgil alikuwa ametumwa nje na jeshi, na ni wewe uliyesema asiambiwe, asije akavunjika moyo akiwa mbali. Tulimwandikia miezi mitano kwamba cucu anamsalimia. Mimi mwenyewe niliandika mara mbili. Aliporudi akiwa na shuka la kumpa, alipelekwa moja kwa moja kaburini, na hajatusamehe.

Nimejiambia labda umelazwa Nakuru, na wale watu walikuwa wa harambee ya matibabu. Nimejiambia mashine imeharibika. Sijaomba ruhusa ya kurudi, kwa sababu wataniuliza sababu, na sababu nimeiona mahali nisiporuhusiwa kutazama. Kila asubuhi skrini inaniuliza: kifaa hiki hakijaonekana kwa siku kadhaa, kiondolewe kwenye orodha? Kila asubuhi najibu hapana, na kesho yake inauliza tena, siku zikiwa zimeongezeka. Naogopa kwenda kazini.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Jumapili hii Akinyi atakuwa amefika. Ukishatoka kanisani, washa mashine yako kwa dakika tano tu. Huna haja ya kupiga simu wala kueleza lolote. Nimeomba zamu ya siku hiyo, nitakuwa nimekaa mbele ya skrini kuanzia saa saba mchana.

Nisalimie mke wa Njuguna na watoto, tata Wairimu, shangazi yangu wa Molo aliyenilea nikiwa mdogo, na jirani yetu Baba Chepkoech anayetuuzia majani ya ng'ombe. Wote wajue nawakumbuka.

Na wewe Njuguna, ndugu yangu, namjua Akinyi, ni mtu wa heshima: atapewa chai, ataambiwa mama amelala kidogo, na barua ataiacha mezani. Kama ni wewe unayeisoma, sikukasirikii. Nakuomba tu hiyo mashine usiiwashe.

Ni mimi mtoto wenu wa mbali,
Nyokabi