Migomba Kwenye Mashimo ya Nguzo

Mpendwa Baba,

Juzi mchana, tukichambua maharage hapa kwangu Tunduma, Mama kanieleza jambo, na tangu hapo sijawa sawa. Miaka yote hii nimekuwa nikikucheka, Baba, bila kujua.

Unakumbuka ulipokuwa mwenyekiti wa kijiji, ukarudi kutoka halmashauri kofia mkononi kwa furaha? Makubaliano yalikuwa mepesi, hata mimi wa miaka minane niliyaelewa. Halmashauri itoe kiwanja cha transfoma karibu na zahanati. Shirika la umeme lilete transfoma, nyaya na nguzo. Sisi tufyeke njia na kuchimba mashimo, kila kaya shimo lake. Transfoma hiyo moja ingehudumia zahanati, shule na mashine ya kukoboa kahawa, lakini wewe uliitaja zahanati tu, maana chanjo za watoto zilikuwa zikiharibika kila jokofu la mafuta ya taa lilipozimika.

Mashimo yakachimbwa kwa siku mbili. Letu lilikuwa mbele ya lango. Kisha mvua ikaharibu barabara, lori la nguzo likakwama huko njiani, na mashimo yakabaki wazi wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa kwetu, shimo refu namna ile huchimbwa kwa ajili ya kuzika mtu, na likishachimbwa halilali tupu. Likikosa mwenyewe huwekwa mgomba, ili lisitafute mtu mwingine. Hakuna aliyesema neno hadharani. Ikaonekana migomba miwili, mitatu, na kabla ya wiki kwisha mstari mzima, kuanzia barabarani hadi zahanati, ulikuwa migomba imesimama na majani yake!

Lori likafika siku ile ile mstari ulipojaa. Mhandisi alishuka, akashika kiuno.

"Mwenyekiti, hii ni njia ya umeme au shamba la ndizi?"

Akasema kuna vijiji vinazililia nguzo zile, akamwambia dereva ageuze gari. Watu walisimama mikono nyuma, kwa kuwa kuung'oa ule mgomba ni kujiitia kifo. Mimi nilikuwa mgongoni kwa Mama, nimefunikwa blanketi, naumwa. Nilikuona ukivua koti lako la kanisani. Ukaenda kwenye shimo letu, ukaukumbatia mgomba, ukaung'oa, ukautupa kando, kisha ukaruka ndani. Lilikufika kifuani. Wanawake walipiga kelele, mimi nikalia.

"Kama hili ni kaburi, basi limeshapata mtu wake," ulisema. "Haya, leteni nguzo."

Mmoja mmoja wakaenda kung'oa ya kwao. Umeme ukaja, jokofu la zahanati likaanza kunguruma, na mimi nikapona, nikakua, nikawa fundi wa umeme. Ulikuja Tunduma kunitazama nikipanda nguzo, ukanishangilia mpaka nikaona aibu mbele ya wenzangu.

Basi juzi asubuhi tulikuwa na kikao Chapwa, hapa jirani. Halmashauri na shirika wanashirikiana tena, transfoma moja kwa ajili ya soko na zahanati, wananchi wachimbe. Nikasimulia habari za migomba, na chumvi nikaitia. Watu wakacheka hoi. Niliporudi nyumbani nikamsimulia Mama vile walivyocheka, yeye hakucheka.

"Unajua mgomba wa kwanza aliuweka nani?"

"Si yule bibi jirani?" Siku zote nimemsingizia yule bibi.

"Baba yako."

Nilidhani kachanganya. Akaendelea kuchambua, hakuniangalia.

"Ulikuwa hujala siku nne, mwanangu. Dawa za zahanati hazikukusaidia kitu. Akakata mgomba kule nyuma ya nyumba, mchana kweupe, akausimamisha kwenye lile shimo. Akaniambia, hili shimo lisimwone mtoto. Watu walipoona mwenyekiti kaweka, nao wakaweka."

Maharage yalinimwagika yote. Baba! Kumbe wewe ndiye uliyeanza! Kumbe uliogopa kuliko kijiji kizima, na siku ile lori lilipotaka kugeuka mimi nilikuwa bado nawaka moto mgongoni kwa Mama. Uling'oa kilichokuwa kinanikinga, ukasimama wewe mahali pake. Mimi kwenye vikao nimekuwa nikisema ulikuwa mtu wa maendeleo usiyeamini mambo ya kale. Mama anasema jioni ile ulimpa maagizo yote, ya kahawa na ya mimi, kama mtu anayeaga. Uliamini kabisa kwamba unakufa. Ukaishi miaka mingi, na hukuniambia hata siku moja.

Nimeshtuka, Baba, na nina aibu. Jana nimemwambia mkubwa wangu kwamba Chapwa hakichimbwi kitu mpaka nguzo ziwe zimelala pale chini, tunazihesabu. Akaniuliza ni utaratibu wa wapi huo. Nikamwambia wa kwetu, shimo halilali tupu. Alinitazama usoni, akaandika.

Jumapili nakuja nyumbani. Nitapita kwanza langoni kuishika nguzo yetu, ndipo nije kaburini kwako.

Pumzika sasa, Baba.

Mwanao, ambaye shimo halikumwona.