Cheni Iliyokatika Kabla ya Gachoka

Mtaa wa Dallas, Embu
Jumatano jioni

Mama mpendwa,

Habari za Githongo? Mgongo wako unaendeleaje, na Baba ameacha kukohoa? Najua huu ni wakati wa kuchuma kahawa na nyinyi nyote mmechoka. Mimi ni mzima wa mwili, ila goti la kushoto limevimba kidogo. Sikutaka kukupigia simu kwa sababu ningelia, nawe ungelia, na tusingeambiana kitu. Soma hii peke yako, kisha Baba umsimulie kwa mdomo.

Jumapili tulikuwa na mazoezi marefu ya baiskeli, kutoka Embu kupita Gachoka na Kiritiri mpaka karibu na bwawa, kisha kurudi. Kocha alikuwa ametuambia kwamba safari hiyo ndiyo itaamua wasichana wanne wa kwenda kushindana Uganda. Unajua nimeingoja hiyo nafasi miaka mitatu. Kwenda nilikuwa wa pili. Kurudi nilikuwa bado wa pili, na Nkatha, huyu wa jirani yetu ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa nyuma yangu akijikinga upepo kwa mgongo wangu.

Tulipopita Kiritiri jua lilikuwa kali, lile la Mbeere, lami inanuka. Tukafika kwenye mlima, nikasimama juu ya pedeli nipande kwa nguvu. Cheni ikakatika. Goti likagonga fremu, nikaanguka kando ya barabara kwenye changarawe.

Mama, kukatika kwa cheni si jambo kubwa. Kuna kifaa kidogo cha kusukuma pini, ukiwa nacho unaunganisha cheni kwa dakika tano na kuwakimbiza wenzako. Kifaa hicho nilikinunua mwenyewe. Asubuhi ile nilikitia katika mkoba wa Nkatha, ule wa chini ya kiti, kwa sababu wangu ulikuwa umejaa tyubu.

Nikapiga kelele, "Nkatha! Cheni! Nipe kile kifaa!"

Aligeuka. Nilimwona uso. Halafu akainama juu ya usukani akaenda, na waliokuwa nyuma yake wakamfuata.

Gari la kocha lilikuwa mbele kabisa na wanaume. Kwa hivyo nikatembea nikisukuma baiskeli, na vile viatu vyetu vina chuma chini, kila hatua nateleza. Wanawake waliokuwa wakichuma muguka, yale majani ya kutafuna, shambani waliniita wakanipa maji, wakaniuliza kama mume wangu anajua niko wapi.

Gachoka nilimpata fundi mmoja anayetengeneza mikokoteni ya punda. Akatazama cheni, akachukua msumari na nyundo, akatoa kipande kilichovunjika na kuunganisha kilichobaki.

"Wenzako wamepita hapa kitambo," akasema. "Mimi nilidhani hao ndio wote."

"Hawakusema kuna mtu nyuma?"

"Hakuna mwenye alisimama, dada. Sasa usiguse gia. Ukibadilisha, itakatika tena."

Nilipanda mpaka Embu kwa gia moja, ile nzito. Kuna mahali nilishuka nikatembea, sitakuficha.

Nilipofika uwanjani, kocha alikuwa akifunga baiskeli juu ya gari. Majina alikuwa ameshayasoma. Nkatha alikuwa wa nne.

Nikamwambia, "Kocha, cheni ilikatika."

"Mashindano hayangojei cheni, Makena."

"Kifaa changu kilikuwa kwa mtu na hakusimama."

Aliendelea kuvuta kamba.

Nkatha nilimkuta nyumbani, ameshaoga, anapika githeri. Akaniambia pole kabla sijaweka baiskeli chini.

"Uligeuka, Nkatha," nikasema.

"Ningesimama, tungekosa sisi wawili."

"Mwezi jana ulipopata pancha kule Runyenjes nilisimama."

"Mwezi jana hakuna mtu alikuwa anachaguliwa."

Akanipakulia chakula. Nilikila, Mama, kwa sababu nilikuwa na njaa. Tangu siku hiyo tunaulizana tu kama maji yako kwenye mtungi.

Lakini hilo silo lililonifanya nishike kalamu. Jana tulikuwa na mazoezi ya kawaida, hakuna wa kuchaguliwa wala wa kuachwa. Kuna msichana mgeni anaitwa Wawira, hana hata mwezi kwetu. Tulipokuwa tunapanda, gia yake ya nyuma ikaingia kwenye spoki, gurudumu likakwama. Akaniita kwa jina. "Makena! Makena, ningoje!" Nilikuwa na spana zote mfukoni. Nilimsikia vizuri, nikakanyaga pedeli kwa nguvu zaidi.

Nilipofika, kocha alinipiga bega akasema, "Sasa umeanza kuelewa." Wawira alikuja baada ya saa nzima, mikono imejaa grisi. Alinisalimia na hakuniuliza kitu. Leo nimekutana naye sokoni nikapitia upande mwingine.

Usimwambie Baba hiyo sehemu. Atasema alinionya kuhusu baiskeli.

Nisalimie Nyanya, na umwambie shuka aliyonipa ndiyo ninayojifunika. Msalimie shangazi wa kiwandani anayepima kahawa, na ndugu yangu Mwenda, asome kwa bidii mtihani umekaribia. Msalimie pia mwalimu wangu wa Sunday School.

Mama Nkatha atakuja kukuambia kwamba mtoto wake amechaguliwa. Mpikie chai, mfurahie naye kabisa. Yale ya barabarani usimwambie. Jumapili ningekuruhusu. Leo sina mdomo wa kumlaumu mtu.

Ni mimi mtoto wako, ninayekukumbuka kila siku,
Makena