Mti Wako Nimeukata Mbele ya Ukoo

Da Mwanaidi,

Shikamoo. Najua huitikii, ila naitoa hivyohivyo, usije ukasema tangu ufe nimekosa adabu. Adabu nilikuwa sina hata ukiwa hai.

Ni mimi Shabani, yule uliyekuwa unaniita Mdomo. Meza yetu ya miche hapa Bigwa bado ipo. Asubuhi napanga maua mbele, miparachichi nyuma, nawapigia kelele wapita njia mpaka wanunue ili ninyamaze. Juzi kaja yule mteja wako wa Dumila, anakuulizia. Nikamwambia umetangulia. Akalia, na mimi nikalia, tulipomaliza kulia nikamuuzia michungwa. Usinune, ungefanya hivyohivyo.

Sasa sikia. Mepo wako, ule mti wa nchi za baridi, nimeukata. Usigeuke huko uliko, lala hivyohivyo nikusimulie.

Arobaini yako ilipopita tu, Bi Zena akanipigia simu. Anaongea chinichini kama mtu kajificha chooni. "Shabani, kile kishamba nilichomwazima marehemu, mjomba kasikia kuna mti. Anakuja na panga." Mjomba ndiye Mzee Mkude, mkubwa wa ukoo wao. Na wewe, mtu wa Tanga, ulijua kabisa mambo ya Waluguru, ukajifanya mgeni. Ardhi ya mlimani ni ya ukoo wa mama. Ukiazimwa, unalima mahindi, unalima maharage, unavuna, unashukuru. Mti wa kudumu hupandi, maana kesho watu wako watakuja waseme hapa petu, shahidi huyu hapa kasimama.

Wewe ukapanda. Ukapanda kijiti cha kwenye kopo, ulichoachiwa na yule mama mgeni uliyekuwa unamfulia, ukawaambia ni ua tu, likishanenepa litahamia kwenye sahani, liwe bonsai, mti mzee kabisa ila mfupi kama mtungi. Wakacheka, wakasahau. Sasa hilo ua lako lilikuwa limewapita watu wote urefu, shina nene kama paja.

Nilimkuta Mzee Mkude anauzunguka, mikono mgongoni, panga kwapani. Nikamwamkia mpaka magoti yakagusa majani. Nikaanza maneno yangu: mzee wangu, huu hauna nia mbaya, huu ni wa kwenye sahani. Akaniangalia.

"We kijana, mti una paja nene kuliko la mkwe wangu, unaniambia utakaa kwenye sahani? Sahani ya pilau ya nani hiyo?"

Wote wakacheka, hata Bi Zena. Hata mimi, nikakasirika kwamba nimecheka. Nikamweleza kama ulivyonifundisha: ukiuweka chunguni ungali mwembamba utabaki mwembamba, lazima kwanza uachwe ardhini, uote ovyo, uwe kama nywele za chizi, ndipo shina linenepe. Unakumbuka siku nimekuja na mkasi nikataka kulinyoa lile tawi refu? Ulinipiga mkono. "Shina kwanza, urembo baadaye! Hilo tawi baya ndilo linalolisha shina." Nikamwambia Mzee Mkude, huu ukishatosha unakatwa, unabaki kisiki, unaanza upya.

"Basi mbona haujakatwa?"

Hapo ndipo ulipoponzwa na moyo wako, dada yangu. Kila baridi ikija, majani yakidondoka, nakuuliza tukate? Unasema bado. Mwaka mwingine, bado. Ulikuwa unauogopa msumeno. Ulisema mepo bila baridi kali ya kwao ni kama mlevi bila usingizi, hapa unasumbuka tu, tusiuongezee kidonda. Ukafa na bado yako.

Nikasema, naukata sasa hivi. Mzee akasema, kata tuone.

Nikaazima msumeno kwa jirani. Mdomo ukawa unaongea wenyewe, namtania Bi Zena, namtania mzee, hata sijui nilisema nini. Nilikata chini, kimo cha shibiri, kwa mshazari kama ulivyokuwa unanichorea kwa kijiti kwenye mchanga. Kichwa chote kikaenda chini, kikalala juu ya maharage ya watu. Kikabaki kisiki cheupe kinatoa maji kama kinalia. Nikakipaka nta ya nyuki nikageukia kando, eti nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Mzee Mkude akainama, akafukua kidogo pembeni. Mizizi imetambaa pande zote kama mguu wa bata, maana ulipanda juu ya kigae ili isiende chini. Akagonga kigae kwa ncha ya panga. Kngo, kngo. "Kumbe huu haujashika ardhi yetu," akasema. "Umekalia kigae." Lakini hakusema mti umepona. Alisema: "Tutaona kama umeua kesi au umeua mti."

Da Mwanaidi, zile wiki zilizofuata sitaki hata kuzisimulia. Napanda mlima na ndoo namwagilia kisiki. Watoto wanaimba nyuma yangu, eti Shabani mwendawazimu ananywesha kuni. Nikawajibu, kuni zenu, zangu ni mti. Shehe wangu akanishauri niache, marehemu haombewi kwa ndoo. Nikamwambia siombi, namwagilia. Nakwaruza gome kwa ukucha, kijani kipo. Nashuka. Napanda. Nakwaruza. Nilikuwa na hasira na wewe, na mlima, na hilo neno "bado".

Umechipua. Pembeni, chini kabisa ya kidonda, palepale tulipokuwa tunapataka. Vichipukizi vyekundu kama ulimi wa paka. Watu wanasema, ona, Mwanaidi karudi. Nikawaambia waache ujinga. Mwanaidi kafa, najua nilipomzika, mti ni mti. Ila nilipiga vigelegele, mwanaume mzima, mpaka Bi Zena katoka na mwiko mkononi.

Mzee Mkude kaja kuuona. Akakaa, akawaza, akatoa hukumu ya ukoo: mti ubaki, kwa sharti. Kila mwaka baridi ikiingia, nije niukate mbele yake, ili usije ukakua ukadai shamba.

Dada, si ndiyo kazi yenyewe? Si ndivyo shina linavyojengwa, uote, ukatwe, uote, ukatwe, kila kata linenepe? Hukumu waliyonipa ndiyo mapishi yako! Nikanuna. Nikakuna kichwa. Nikasema, "Mzee, unanionea, lakini sina la kufanya." Akaridhika kabisa. Nimeshuka mlima naumwa mbavu kwa kujizuia kucheka, na hakuna wa kumwambia, ndiyo maana nakuandikia.

Kwa hiyo kwaheri ya sasa, Da Mwana, Mola akupe nafasi ya kivuli. Neno lako la bado nimelikataa, na nitaendelea kulikataa. Baridi ijayo nakata tena, na inayofuata, mbele ya ukoo mzima, nikiwa nimenuna vizuri. Mzee Mkude ataona kanishinda kila mwaka, mpaka siku atakayouona mti umekaa kwenye sahani, unaonekana mzee kuliko yeye.

Mdogo wako,
Shabani