Choki Mpya ya Harlan

Loretta niko ndani ya gari, nimefunga milango. Harlan kanifyatulia bunduki. Kaka yangu mwenyewe!!

Sijaumia. Imepita juu ya kofia.

Si unayajua maringo yake? "Mimi bata mzinga namwita mpaka anifikie hatua ishirini. Choki ya kubana ni ya waoga." Miaka yote mdomo wa bunduki yake uko wazi, hafungi kile kipande cha kuubana ili punje za risasi zisitawanyike. Juzi dukani kachukua choki inayobana kuliko zote! Akamuuliza muuzaji, "Hatua hamsini, marisau yatakaa pamoja?"

Nikamtania, "Leo mwoga nani?" Hakucheka. Hajacheka na mimi tangu nikatae kuuza shamba la baba.

Basi leo asubuhi nimekaa chini, mgongo kwenye mwaloni, namsubiri dume la bata mzinga. Mara mlipuko! Maganda ya mti yakanimwagikia shingoni. Nimeliangalia lile shina, Loretta. Marisau yote yamekaa pamoja, mahali padogo kama kisahani.

Akaja mbio. "Nisamehe dadangu! Nilimsikia jike akiita hapo mtini, nikajua dume yuko naye!"

Kambini wote wamemwamini. Wamemmiminia kahawa, wanampapasa mgongo. Eti ajali hizi hutokea, mwindaji akiigiza jike vizuri mno mwenzake hudanganyika.

Alimsikia jike akiita. Kalisema mara tatu mbele ya watu.

Shoga, kisanduku changu cha kuitia, kile cha kuigiza sauti ya jike, nilikisahau humu garini. Ndicho hiki nimekipakata. Sikuita hata mara moja.