Mbawakawa wa Mama Hana Tena Jina Lake

Idara ya Wadudu,
Jumba la Makumbusho.
14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hali yako? Na lile goti limetulia, au bado linakutabiria mvua? Mimi mzima, ila moyo mzito. Baba anakula, lakini kwa kubembelezwa.

Unamkumbuka yule mbawakawa mweusi ambaye Baba, enzi zake za kazi hapa, alimpa jina la marehemu mama? Jina lile limeondolewa, Mjomba. Aliyeliondoa ni mimi.

Baba alipata jike tu, dume halikujulikana. Mwezi uliopita, tukiwa porini na wenzangu wa kazi, nikawakuta wawili wamepandana juu ya gogo: jike jeusi la Baba, na dume dogo la kijani ambalo bwana mmoja alilipa jina kabla Baba hajazaliwa. Kumbe ni mke na mume, nasi tumewapa majina mbalimbali kama watu wasiojuana! Na sheria yetu haina huruma: jina lililotangulia ndilo hubaki.

Ofisini waligombana wee, jina la mama litolewe au liachwe. Bosi akaninong'oneza, "Subiri mzee aende zake kwanza." Nikamaka! Huyo ni baba yangu, na kazi hii kanifundisha yeye. Ningemtazamaje usoni?

Nikampelekea wale wawili, bado wameshikana. Akavaa miwani, akawatazama mpaka chai ikapoa. "Ndio wenyewe," akasema. "Andika." Nikaandika kwamba ni mdudu mmoja, na jina la zamani ndilo lake. Kesho yake akaja na mkongojo wake, akafungua droo ya mbawakawa wake, akabandua jina la mama kwa mkono wake. Hakutaka kusaidiwa. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Tangu hapo ananiuliza, "Sasa nani atamtaja?" Mimi nilimwita mama, majirani walimwita mama fulani, kwa jina langu, na Baba alizoea kulitaja jina lile kazini, kwenye droo yake. Anayemwita kwa jina umebaki wewe, kaka yake.

Mpigie, Mjomba. Usimpe pole, pole zimemchosha. Msimulie utoto wenu, utundu wenu wote, na kila ukifika kwa dada yako, mtaje.

Msalimie anti na wale mapacha watukutu. Mungu akutunze huko uliko, atukutanishe Baba angali nasi.

Mpwao akupendaye, uliyembatiza mwenyewe,
Kisirani